Australia 2014: tuzo nne, vitabu tofauti, uanze na kipi?

Binti wa kaka yangu yuko Perth, mwaka wa pili sasa. Anasoma uuguzi, na siku tatu kwa wiki anazunguka majumbani kuwahudumia wazee wanaoishi peke yao. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti akiwa kwenye basi: "Shikamoo Shangazi. Nimepata kadi ya maktaba, naazima bure. Nimechoka kuijua nchi hii kwa taarifa ya habari tu. Nipe kitabu chao kimoja nianze nacho."

Jibu nililomwandikia lilikuwa refu kuliko alivyoomba. Na kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza, nimelipanga upya hapa limfae yeyote mwenye swali kama lake.

Ningeweza kumtajia jina moja yakaisha. Badala yake nilimpa mwaka mmoja, 2014, na nikamwomba achague ndani ya mwaka huo. Ipo miaka ambayo kitabu kimoja kinazoa kila kitu, na hapo msomaji hana la kupima. 2014 haikuwa hivyo. Vitabu vilevile vilipita mbele ya majopo tofauti ya majaji, na kila jopo likatoka na jibu lake. Aprili tuzo ya Stella ilikwenda kwa Clare Wright, mwanahistoria. Juni tuzo ya Miles Franklin ikachukuliwa na Evie Wyld. Tarehe 14 Oktoba, jijini London, Richard Flanagan akapewa Man Booker. Desemba, kwenye Tuzo za Fasihi za Waziri Mkuu, Flanagan huyohuyo aligawana ushindi wa riwaya na Steven Carroll. Na kuna wawili watatu ambao mwaka ule hawakuondoka na hata moja ya tuzo hizi nne, nami nawashikilia kwa mikono miwili. Nitawafikia.

Kila tuzo inauliza nini

Kabla ya kulinganisha vitabu ni vizuri kujua majaji walikuwa wanatafuta nini, maana tuzo hizi hazifanani hata kidogo.

Miles Franklin ndiyo ya heshima kuliko zote nchini humo. Iliachwa kwa wosia na mwandishi mwenyewe, Stella Maria Sarah Miles Franklin, aliyezaliwa 1879 na kufariki 1954. Ilianza kutolewa 1957, na wa kwanza kuipata alikuwa Patrick White kwa riwaya yake Voss. Mwaka 2014 ilikuwa na thamani ya dola 60,000 za Australia. Sharti lake liko kwenye wosia: kazi iwe na ubora wa juu wa kifasihi, na ionyeshe maisha ya Australia katika hali yake yoyote ile. Hilo neno "maisha ya Australia" limezua ugomvi mara nyingi. Mwaka 1994 riwaya ya Frank Moorhouse iitwayo Grand Days iliwekwa kando kwa hoja kwamba haikuwa na Uaustralia wa kutosha. Kwa hiyo ukichukua kitabu kilichoshinda Miles Franklin, ujue watu wazima wamekaa mezani wakabishana kama hiki ni chao au si chao. Kwa mgeni anayetaka kuijua nchi, mabishano hayo yana faida.

Stella inatokana na mwanamke huyohuyo. Franklin alichapisha kwa jina la Miles, jina lenye sura ya kiume, na lile la Stella akaliacha nyumbani. Orodha fupi ya Miles Franklin ya 2009, yaani ya waliobaki hatua ya mwisho, ilikuwa ya wanaume watupu. Ya 2011 vilevile. Wanawake wa sekta ya vitabu wakasema imetosha, wakaanzisha tuzo ya waandishi wanawake na kuipa jina aliloliacha. Ilitolewa mara ya kwanza 2013, na mshindi wake, Carrie Tiffany, alirudisha dola 10,000 kati ya 50,000 alizopewa ili wagawane wenzake waliokuwa kwenye orodha fupi. Napenda sana kuusimulia mkasa huo. Kitu kingine cha kukumbuka ni kwamba Stella inapokea riwaya pamoja na vitabu visivyo vya kubuni, vikishindana meza moja. Ndiyo maana 2014 kitabu cha historia kiliweza kuzipiku riwaya.

Booker inatolewa Uingereza. Mpaka 2013 ilikuwa ya waandishi wa Jumuiya ya Madola, Ireland na Zimbabwe. 2014 ndio mwaka wa kwanza mlango ulifunguliwa kwa riwaya yoyote ya Kiingereza iliyochapishwa Uingereza, na wengi waliogopa kwamba Wamarekani wangeichukua mara moja. Ikaenda Tasmania, kisiwa cha Australia anakotoka Flanagan. Flanagan alipata pauni 50,000, na baadaye akaeleza kwamba kabla ya hapo hali yake ya fedha ilikuwa mbaya kiasi cha kufikiria kwenda kufanya kazi kwenye migodi ya kaskazini.

Tuzo ya Waziri Mkuu ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote kama mwongozo wa kusoma, ingawa fedha zake ni nyingi: dola 80,000 kwa kila kundi. Kanuni zake zilimpa waziri mkuu neno la mwisho. Mwaka ule Tony Abbott alitangaza washindi wawili wa riwaya, na muda si mrefu mmoja wa majaji, mshairi Les Murray, akasema hadharani kwamba jopo lilikuwa limemchagua Carroll peke yake. Sikumlaumu Flanagan kwa hilo. Sehemu yake, dola 40,000, aliitoa yote kwa taasisi inayopeleka vitabu kwa watoto wa Waaborijini walio vijiji vya mbali. Ila msomaji anayetaka ushauri anahitaji kujua ni nani hasa anayemshauri.

Wawili wakubwa: Flanagan na Wyld

Wengi wakitaja 2014 wanamaanisha The Narrow Road to the Deep North ya Flanagan. Ni riwaya ya zaidi ya kurasa 400 kuhusu Dorrigo Evans, daktari mpasuaji kutoka Tasmania, aliyeongoza mateka wa Australia waliolazimishwa na Wajapani kujenga reli kati ya Thailand na Burma. Reli hiyo, ya kilomita 415 hivi, ilikamilika Oktoba 1943. Zaidi ya mateka 12,000 wa majeshi ya Washirika walifia huko, wakiwemo Waaustralia takriban 2,800, na vibarua wa Kiasia waliokufa ni wengi kuliko hao mara kadhaa. Baba yake Flanagan alikuwemo. Namba yake ya mateka ilikuwa 335, na kitabu kimetabarukiwa kwa namba hiyo, kwa Kijapani. Flanagan alihangaika nacho miaka 12, akaandika na kutupa, akaandika na kutupa. Baba alifariki siku ileile mwana alipompa habari kwamba sasa kimekwisha.

Akiwa bado anakiandika alisafiri hadi Japani kuwatafuta walinzi wa zamani wa kambi. Akampata mmoja, mzee mpole sasa, aliyekuwa akiogopwa kuliko wote. Alimwomba ampige kofi kama walivyokuwa wakiwapiga mateka. Kwenye kofi la tatu ardhi ya Tokyo ikatetemeka, tetemeko la kweli, chumba kikayumba, na Flanagan akauona woga usoni mwa yule mzee. Hilo halimo katika riwaya, lakini ukilijua unaelewa kwa nini walinzi katika kitabu chake wamepewa sura zao wenyewe, mawazo yao, uzee wao na hata wema wao wa baadaye. Hapo ndipo kitabu kinapouma.

Kuna kipande kimoja nakumbuka kila nikikaa mezani. Wanaume wamebaki mifupa, wanakula mpira mmoja wa wali. Usiku mpishi anamletea Dorrigo kipande cha nyama ya ng'ombe, cha wizi, kimekaangwa vizuri, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wao na wanamhitaji awe hai. Mate yanamjaa mdomoni. Anajua akila hakuna atakayemlaumu. Anaagiza kipelekwe kwa wagonjwa. Hafanyi hivyo kwa sababu ni mtu mwema. Flanagan anatuonyesha wazi kwamba hajioni mwema. Anafanya kwa sababu watu wameshamwona kuwa mtu wa namna hiyo, na sasa hana njia ya kuwaangusha.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kitabu hiki kina mlango wa pembeni. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, askari wa jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na alipelekwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua na malaria mpaka mto Chindwin. Wao walikuwa wanapigana, hawakuwa mateka, na reli ilikuwa imeshakamilika mwaka mmoja nyuma. Lakini matope ni yaleyale, na kimya cha waliorudi ni kilekile. Babu alikuwa hasimulii. Nilipofika kwenye sura za Dorrigo mzee, anayesifiwa na taifa zima na asiyeweza kukaa na mkewe chumba kimoja, nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Sasa udhaifu wake, maana upo. Dorrigo anampenda Amy, mke wa mjomba wake, na kurasa za penzi hilo zimetiwa sukari kupita kiasi. Sentensi zinavimba. Wapo walioacha kusoma hapo, na siwashangai. Ushauri wangu ni kuvumilia mpaka kambini.

All the Birds, Singing ya Evie Wyld ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Ni fupi, nusu ya kile cha Flanagan. Haina taifa, haina vita, haina shujaa. Kuna mwanamke anaitwa Jake, jina la kiume kama alivyojipa Miles Franklin, anafuga kondoo peke yake kwenye kisiwa cha Uingereza chenye mvua na upepo, na mbwa ambaye jina lake ni Mbwa tu. Ukurasa wa kwanza kondoo ameshakufa, amechanwachanwa, mvuke bado unamtoka, na kunguru wamemzunguka midomo ikimetameta. Si wa kwanza. Kuna kitu kinawaua usiku. Mgongoni mwa Jake kuna makovu, na hatuambiwi yametoka wapi.

Ufundi wake uko kwenye mpangilio. Sura za kisiwani zinakwenda mbele kama hadithi yoyote. Sura zinazopishana nazo zinarudi Australia, na hizo zinakwenda kinyumenyume: kila sura ya Australia inatangulia ile uliyotoka kuisoma. Unamkuta Jake kwenye kikosi cha wakata manyoya ya kondoo, mwanamke pekee kati ya wanaume, amejificha. Sura inayofuata inakuonyesha alikuwa anamkimbia nani. Inayofuata, aliingiaje mikononi mwa mtu huyo. Na hivyo hivyo, mpaka unafika siku moja ya ujana wake ambako yote yalianzia. Msomaji anajua matokeo kabla ya chanzo, kwa hiyo hukai kujiuliza litatokea nini. Unakaa ukiogopa kujua kwa nini.

Wyld alizaliwa London na utoto wake aliugawa kati ya Uingereza na New South Wales. Alipopewa Miles Franklin alikuwa akiishi London, na nusu ya riwaya yake iko Uingereza. Ukikumbuka yaliyompata Moorhouse miaka 20 kabla, unaona majaji wa 2014 walikuwa wamepiga hatua: walikubali kwamba maisha ya Australia yanaweza kumfuata mtu hadi kisiwa cha mbali na kumkalia mgongoni.

Nikiwaweka bega kwa bega, Flanagan anakupa Australia inavyojikumbuka, wanaume wake, maumivu yao na sifa walizopewa. Wyld anakupa joto, vumbi, nzi, lugha ya kibanda cha wakata manyoya, na jinsi mwanamke anavyohesabu hatari kila mlango unapofunguka. Kiingereza cha Wyld ni kikavu na rahisi kwa msomaji wa lugha ya pili. Kugumu ni kufuata wakati. Kiingereza cha Flanagan ni kizito, ila hadithi haikupotezi. Aliyezoea kusoma usiku dakika 20 kabla ya usingizi ataelewana na Wyld. Flanagan anataka likizo.

Nikilazimishwa kutoa kimoja, namtoa Wyld, na sijawahi kuyumba juu ya hilo. Kitabu cha Flanagan kina kurasa 50 ambazo Wyld hajazifikia. Kitabu cha Wyld hakina ukurasa hata mmoja wa kuruka.

Mshindi asiye mwandishi wa riwaya

Clare Wright alishinda Stella kwa The Forgotten Rebels of Eureka, kazi iliyomchukua miaka kumi hivi. Kila mtoto wa shule Australia anafundishwa habari ya Eureka: Ballarat, Victoria, mwaka 1854, wachimba dhahabu wanatozwa leseni hata kama hawajaokota chembe, hawana kura, polisi wanawawinda mashimoni. Wanajenga boma la magogo, wanapandisha bendera ya nyota za kusini, na alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, jeshi linawavamia. Watu zaidi ya 20 walikufa kwa muda mfupi sana. Wengi huko huitaja kama asubuhi demokrasia yao ilipozaliwa, na picha iliyochorwa vichwani ni ya wanaume wenye ndevu.

Wright alirudi kwenye nyaraka akawakuta wanawake kila kona. Walikuwa wakizaa ndani ya mahema ya turubai, wakiendesha maduka, wakiuza pombe ya magendo, wakiandika magazetini. Ellen Young alichapisha mashairi na barua za kuwatetea wachimbaji. Sarah Hanmer, mwenye ukumbi wa maigizo, alichangia harakati kwa mapato ya maonyesho yake. Mhariri wa gazeti la Ballarat Times alipokamatwa, mkewe Clara Seekamp alikaa kwenye kiti chake na gazeti likaendelea kutoka. Wright ameandika haya kwa sauti ya msimulizi, ana mzaha, ana hasira, na hakuna aya inayonuka vumbi la chuo.

Ni kikubwa, zaidi ya kurasa 500. Nampa mtu anayependa historia, na nampa kwanza mwalimu wa historia. Kwa anayeanza kabisa na Australia ni mzigo, kwa sababu raha ya kusahihishiwa hadithi inakuja kama hadithi yenyewe uliijua.

Walioachwa

Orodha fupi ya Miles Franklin mwaka ule ilikuwa na majina sita: Flanagan, Wyld, Fiona McFarlane, Cory Taylor, Tim Winton na Alexis Wright. McFarlane na Alexis Wright walikuwa pia kwenye orodha fupi ya Stella. Wote wawili walizikosa zote mbili.

Eyrie ya Winton nitaipita haraka. Iko Fremantle, safari ya treni ya nusu saa kutoka anakokaa mpwa wangu, na inamhusu mtetezi wa mazingira aliyeanguka, anayeishi ghorofani juu akiitazama bandari na fedha za migodi zikifurika mjini. Winton ameshashinda Miles Franklin mara nne na hakuhitaji ya tano. Kwa mkazi wa Perth ni kitabu cha kusomea palepale, akiwa Fremantle. Kwa mwingine kinasubiri. Na A World of Other People ya Carroll, iliyogawana tuzo na Flanagan, inatokea London ya 1941 wakati wa mabomu, kuna rubani wa Australia na kuna mshairi T. S. Eliot akilinda moto juu ya paa. Ni kazi tulivu, yenye adabu, ya wanaompenda Eliot. Anayeitafuta Australia hataipata humo.

The Night Guest ya McFarlane ndiyo iliyonitia shaka ya kweli nilipokuwa namjibu mpwa wangu. Ruth ana miaka 75, ni mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba ya pwani. Usiku mmoja anaamka anasikia chui milia ndani ya nyumba. Asubuhi anatokea mwanamke mkubwa wa umbo, Frida, anasema ametumwa na serikali aje kumsaidia. Anafua, anapika, anapiga deki, anamkanda. Tuko kichwani mwa Ruth, na kichwa cha Ruth kinaanza kuvuja, kwa hiyo msomaji analazimika kulinda mambo ambayo Ruth mwenyewe anayasahau: Frida alisema analala hapa lini? Karatasi ile ilikuwa ya nini? Ruth alikulia Fiji, binti wa wamisionari, na kumbukumbu za huko zinamjia safi kuliko za jana.

Nilisita kumpa binti ambaye kila Jumatatu anagonga mlango wa ajuza asiyemjua na kusema "nimetumwa". Kisha nikaona yeye ndiye atakayekisoma kuliko sisi sote. Amekaa upande wa Frida, anajua uchovu wa kuinua mwili wa mtu mwingine, na kitabu kitampeleka upande wa pili wa kitanda. McFarlane hamfanyi Frida shetani. Anamwachia mapenzi yake kwa Ruth, na hapo ndipo pagumu.

Na The Swan Book ya Alexis Wright. Yeye ni wa watu wa Waanyi, kutoka nchi ya Ghuba ya Carpentaria, na 2007 alishinda Miles Franklin kwa riwaya iliyobeba jina la ghuba hiyo. The Swan Book inakwenda mbele katika wakati ambapo hali ya hewa imeharibika na watu wa dunia wanatangatanga kama wakimbizi. Msichana wa Kiaborijini, Oblivia, asiyesema neno tangu alipotendewa ukatili, anatolewa ndani ya shina la mti na kikongwe mkimbizi kutoka Ulaya. Wanaishi ndani ya meli mbovu kwenye kinamasi kilichozungushiwa ua na jeshi. Bata-maji weusi wanamfuata. Halafu anakuja mwanasiasa wa Kiaborijini anayepanda kuelekea ukuu wa nchi, anamwoa na kumhamishia mjini bila kumuuliza.

Ni kitabu kigumu. Sentensi zinazunguka, kicheko na msiba viko mdomo mmoja, hadithi inatoka njiani na kurudi itakapo yenyewe. Nilikianza mara mbili nikashindwa. Mara ya tatu nilikisoma kwa sauti, na ndipo nilipokisikia, kwa sababu kimeandikwa na mtu aliyekua akisikiliza bibi yake akisimulia. Naamini ndicho kitabu kikubwa kuliko vyote vya mwaka ule, na naamini majopo mawili yalikiona na yakaogopa kidogo. Miaka kumi baadaye, 2024, Wright alishinda Stella na Miles Franklin mwaka mmoja, zote mbili, kwa riwaya yake Praiseworthy. Nilifurahi kama vile ni dada yangu. Hata hivyo simpi mtu The Swan Book kiwe cha kwanza. Kinamhitaji msomaji aliyekwisha kuona jinsi nchi hiyo inavyosimuliwa na wengine, ndipo asikie Wright anavunja nini.

Kimoja zaidi, nje ya orodha za mwaka huo kwa kuwa kilitoka 2014 kwenyewe na sifa zake zikaja mwaka uliofuata: Foreign Soil, hadithi fupi za Maxine Beneba Clarke, Mwaustralia mwenye asili ya Karibea. Hadithi iliyokipa kitabu jina inamhusu mwanamke mtengeneza nywele wa Australia anayempenda daktari Mganda na kumfuata hadi kwao. Penzi lililoonekana laini Australia linabadilika sura Uganda. Asiye na muda wa riwaya aazime hiki: kila hadithi inakwisha kwa kikao kimoja, na watu weusi wa Australia wanasikika kwa lafudhi zao wenyewe.

Nilimshauri hivi

Mpwa wangu aanze na Wyld, kwa kuwa ni kifupi na kitamfundisha kumwamini mwandishi asiyeeleza. Afuatishe McFarlane, na asikisome usiku wa zamu. Flanagan amweke kwa ajili ya likizo ya Desemba, akizivumilia kurasa za Amy. Wa nne awe Alexis Wright, kwa sauti, kurasa kumi kumi, na kabla ya kuanza ashuke mpaka mto Swan hapohapo Perth awatazame wale bata-maji weusi wanavyoinama kunywa, maana ndio walio kwenye nembo ya jimbo analoishi. Ukiwa mwalimu, mweke Clare Wright mbele ya wote. Ukiwa na mzee wa Keya ukooni, mtangulize Flanagan, na usikisome peke yako.

Wiki tatu zikapita. Juzi alfajiri, saa za kwetu, simu ikalia mlio mmoja. Ujumbe wa sauti, basi linasikika nyuma yake. "Shangazi, nimekimaliza cha kondoo. Kumbe kile nilichokuwa nakitafuta kisiwani kilikuwa Australia, kule mwisho kabisa." Akanyamaza kidogo, kengele ya kituo ikalia. "Nilikuwa nikirudishe leo. Nimeomba wiki mbili zaidi. Narudi ukurasa wa kwanza, nikaangalie yale makovu tena, sasa kwa kuwa najua."